Maji ya Nyuma

Tinkam Bight
12 Februari 1995

Dada Marva,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata Bibi, hata wewe siku ile ya mwisho kabla hujaenda melini. Sitaki kuondoka hapa.

Basi, limeandikwa. Nimelitazama kwenye karatasi nikidhani litaona aibu lijifute, lakini bado lipo.

Hapa kila mtu ameshanisafirisha. Wanajua nikimaliza shule nitakwenda mjini Bluefields kwenye mafunzo ya kazi za meli, halafu nitakufuata. Mchungaji aliniombea safari njema kanisani, kwa jina langu lote, Verlyn Ivorine Archibold, nami nikakaa nikiangalia viatu vyangu mpaka nikajua kila mshono. Watu wananisimamisha njiani: "Utatuletea nini, Verlyn?" Natabasamu. Unalijua tabasamu hilo, nalitoa pale maneno yanapogoma. Darasani ni vilevile. Swali likija kwa Kiingereza jibu ninalo, likija kwa Kihispania ninalo pia, na yote mawili yanakwama kooni. Alrick, anayekaa nyuma yangu, anasema Mungu alinipa lugha mbili akasahau kunipa pa kuzitolea.

Mchana, jua likiwa kali na watu wamelala, mimi nakwenda Nyuma, kwenye hori. Upepo wa Krismasi ulisukuma mchanga ukafunga mdomo wa hori kama kila mwaka, na sasa maji hayaingii wala hayatoki. Yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Yananuka tope na majani. Uduvi wanarukaruka juu yake, ungedhani mvua inanyesha kutoka chini. Nakaa kwenye mizizi ya mikoko nikiwatazama. Basi. Hayo ndiyo maisha yangu na nayapenda, na naona haya kuyapenda kwa sababu wewe unasugua vyoo vya watu ili mimi niyaache.

Kafi lako lipo uvunguni mwa nyumba, bapa juu, mahali ulipoliegemeza mwenyewe. Bibi hulifuta kila Jumamosi. Juzi mtoto wa jirani alitaka kulichezea majini, Bibi akamwambia, "Wewe, unataka mwenzako asirudi? Kafi la aliye safarini halilowi." Mtoto akaliachia kama limemchoma.

Kipandio cha pili kutoka juu kwenye ngazi yetu bado kimeoza, na sisi bado tunakiruka. Bibi anasema hahitaji mbwa, mgeni atajulikana kwa kukikanyaga.

Nasikia miguu ya Bibi, ametoka kwaya mapema. Ameruka kipandio. Naificha karatasi chini ya gunia la unga.

Mdogo wako,
Verlyn


Melini, Cozumel
9 Machi 1995

Uduvi wangu,

Barua yako imezunguka Miami, ikagongwa mihuri mpaka jina langu halisomeki, lakini imefika. Nimeisoma nikacheka. Halafu nimeisoma tena na sikucheka.

Hutaki kuondoka. Umeondoka lini ukaona hutaki? Wewe ni kama yule mjomba wetu aliyekuwa akisema hapendi jibini, na alipoulizwa aliila wapi akasema hajawahi.

Ngoja nikusimulie. Kuna abiria mmoja mzee kwenye vyumba ninavyosafisha, Mmarekani mpole, hukunja taulo zake mwenyewe ili nisiiname. Siku moja aliniuliza natoka wapi. Kuna ramani kubwa ukutani kwenye ujia, tukasimama mbele yake. Tinkam Bight haimo. Hata ghuba yetu yote ni kidoti cha buluu ambacho ungeweza kukifuta kwa kitambaa cha vumbi. Basi neno likasemwa pale: "backwater." Yule mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Sikulijua vizuri. Siku ya kupangusa rafu za maktaba ya abiria nililitafuta kwenye kamusi. Maana ya kwanza: maji yaliyozuiliwa pembeni ya mto au bahari, yasiyokwenda popote. Nikasema, ah, Nyuma. Maana ya pili: mahali palipotuama, ambako jambo jipya halifiki, na likifika limechelewa. Nikasema, ah, sisi. Hapakuwa na maana ya tatu, Uduvi. Niligeuza ukurasa nikitafuta.

Sasa wewe unaniandikia kwamba unataka kukaa ndani ya maana ya pili maisha yako yote. Una miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na ishirini na moja nilipotoka na nilishaanza kuota majani kichwani.

Mimi nipo vizuri sana. Kila asubuhi naiona bahari dirishani, na abiria wakimaliza kula tunapewa zabibu, nyeusi na za kijani, nakula mpaka nachoka. Mwandiko wangu usikutie shaka, ni meli inayumba.

Tarehe ishirini Mei uwe Bluefields, kwa dada yake Mchungaji. Nimeshamwambia msimamizi wetu kwamba mdogo wangu ana lugha mbili safi. Usiniaibishe. Na mwambie Bibi Krismasi hii narudi, safari hii kweli.

Dada yako,
Marva


Tinkam Bight
5 Aprili 1995

Dada Marva,

Neno lako nilitembea nalo siku nyingi. Mwishowe nikamsubiri Mwalimu Downs baada ya kipindi cha Kiingereza nikamwuliza, kwa sauti ile ambayo hunifanya nirudie. Kesho yake aliliandika ubaoni, herufi kubwa, akataka kila mtu alitungie sentensi. Nilitamani nijifiche ndani ya dawati.

Alrick alisimama. "Kwa watu wa Managua, Bluefields ni backwater. Kwa watu wa Miami, Managua ni backwater. Sasa Mwalimu, watu wa Miami nao wanasemwa na nani?"

"Kaa chini, Alrick."

"Nimeshakaa, Mwalimu. Nimekaa backwater."

Darasa lilivunjika. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza sentensi za wengine na nikaona kitu. Hakuna aliyeanza na "hapa." Kila mmoja alilitupa neno mbali na alipokaa: kijiji cha ng'ambo ya ghuba, kwao mama yake, kule juu mtoni. Mwalimu akasema ndivyo linavyotumika. Anayelisema huwa amesimama kwingine, au anajifanya amesimama kwingine. Akasema pia si tusi la hasira, ni la huruma, na ndiyo maana hujui ulijibu vipi. Nilitaka kuuliza kama mtu anaweza kulisema bila huruma wala dharau, kwa maana ile ya kwanza tu, kama unavyosema "kisima." Mkono wangu ulifika begani ukarudi.

Nyumbani nilimkuta Bibi anamenya mihogo ya kupikia mchuzi wa rondoni.

"Bibi, maji ya Nyuma ni mabaya?"

"Mabaya kwa kunywa."

"Nasema, yametuama. Hayaendi popote."

"Yaende wapi na watoto wote wale tumboni?" Akaninyooshea kisu. "Anayeuliza ni wewe au ni kitabu?"

"Ni Marva. Ameliona neno kwenye kamusi."

"Hiyo kamusi imewahi kuja hapa siku ya kukata fungu la mchanga?"

Nikainamia mihogo, kwa sababu siku ya kukata fungu ndiyo inayoniuma. Wewe unaikumbuka ulivyokuwa unaiona, umesimama mbele na kafi lako. Mimi nitakwambia ilivyokuwa mwaka jana. Mvua za Mei zilijaza Nyuma mpaka maji yakafika kwenye viazi vya watu. Kijiji kizima kikatoka kwenda kwenye fungu la mchanga, kuufungua mdomo na kuvua uduvi wanaotoka. Mzee Hollis akaita nyumba moja moja, na kila nyumba akajibu mtu wake mwenye kafi, akataja waliopo na walio safarini, kisha akaanza kuchimba. Akaita, "Nyumba ya Ivorine?" Bibi hawezi tena kuchimba, na mimi sina kafi wala sauti. Mzee Hollis akakohoa, akaita nyumba nyingine.

Tulipewa uduvi, usifikiri tulinyimwa. Walimjazia Bibi ndoo mpaka ikafurika. Alisema ahsante kwa kila mmoja, akarudi nyumbani bila kumtazama mtu, na siku ile hatukuwaanika. Walikaa kwenye ndoo mpaka kesho yake.

Unasema nitatuama. Labda. Lakini mimi nataka siku moja nyumba hii ijibu.

Sijui kama nitakwenda Bluefields. Sijamwambia Bibi. Anazungumza kuhusu safari yangu kwa furaha sana, ameshanishonea na begi.

Renford Hebbert anaanza kazi kwenye meli yako baada ya Pasaka. Atakuletea mkate wa nazi.

Mdogo wako,
Verlyn


Melini
28 Aprili 1995

Verlyn,

Renford ameanza kazi Jumapili. Mkate wa Bibi ulikuwa umeota ukungu pembeni, nikaula na ukungu wake.

Nilimwuliza habari za nyumbani, naye ni kijana asiyejua kubana neno. Nani kaoa, nani kazaa, paa la nani limeng'olewa na upepo. Kisha akasema siku aliyopita kuaga, kabla ya kupanda ngazi alizunguka nyuma ya nyumba, akakuta kafi langu limeegemezwa ukutani, bapa chini, linachuruzika maji. Alidhani ninajua. Alipoona uso wangu akaanza kuzungumzia kuku.

Sikumwuliza zaidi. Namkumbuka Mis Oneida alivyolilowesha kafi la mwanawe, baada ya miaka yote ile bila barua. Alikwenda nalo majini peke yake, kwa utulivu, na jioni kijiji kizima kikaenda kumpa pole. Sikujua kuwa na mimi nimefika huko. Nilidhani nina muda.

Siwalaumu. Nilisema Krismasi ya kwanza, nikasema ya pili. Mtu huchoka kufuta kafi.

Sasa kwa kuwa hakuna tena wa kumpambia, nitasema. Tangu Januari sisafishi vyumba. Mkono wa kulia ulianza kufa ganzi, nikawa naangusha glasi, wakanishusha chumba cha kufulia. Kipo chini kabisa na hakina dirisha. Zabibu nilikula mara moja. Kilichokuwa kinayumba si meli.

Na yule abiria, nilipokuwa bado juu kwenye vyumba, hakulisema lile neno. Aliniuliza tu natoka wapi. Nikamwona anatafuta miwani mfukoni ili aitazame ramani vizuri, anataka kweli kujua, na mimi nikaona haya kwamba ataitafuta Tinkam Bight asiione. Nikasema haraka, "Usijisumbue, bwana, ni backwater tu." Nililiokota kwa wafanyakazi wenzangu, wao hulisema kuhusu kwao. Yeye akarudisha miwani mfukoni, akatikisa kichwa. Mpaka leo sijui alikisikitikia kijiji au alinisikitikia mimi.

Mwalimu wako yuko sahihi. Nilikuwa najifanya nimesimama kwingine.

Wamenipa mkataba mwingine. Nitautia saini tarehe ishirini na tano Mei tukifika Miami. Wakati huo nina ruhusa ya kwenda nyumbani, lakini sioni nirudi kufanya nini mahali ambapo nimeshalowa. La Bluefields amua mwenyewe. Sina tena sauti ya kukuamrisha.

Msalimie Bibi. Mwambie sikukasirika.

Marva


Tinkam Bight
8 Mei 1995

Dada Marva,

Ni mimi. Tafadhali soma mstari huu kwanza kabla hujasoma mwingine. Aliyelowesha kafi lako ni mimi, si Bibi, na sikulilowesha kwa maana ile.

Nilikwambia nakwenda Nyuma nakaa kwenye mizizi ya mikoko. Sikai. Nachukua mtumbwi mdogo wa jirani napiga kafi. Tangu Januari najifundisha, mchana, hakuna anayeniona, huku nasema maneno ya kujibu siku ya kukata fungu. Nawaambia uduvi. Nilichukua kafi lako kwa sababu ndilo pekee lililopo nyumbani, na kwa sababu pale kwenye mpini pamelainika kwa kiganja chako na kiganja changu kinaingia palepale. Kila mara nililikausha kwa shati langu nikalirudisha bapa juu. Siku ya Renford nilisikia mtu anakuja nikakimbia, nikalisahau ukutani. Nilijua mwiko wake. Nilijiambia kama hakuna anayeona basi halijalowa. Ni ujinga, najua.

Barua yako niliisoma chooni. Halafu nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa Bibi, kwa sababu nilijua nikikaa chini sitasimama tena. Alikuwa anachambua maharage.

"Bibi, kafi la Marva limelowa. Ni mimi."

Hakuinua uso. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku za kwanza. Kila Jumamosi nakuta tope la kijani kwenye bapa. Wewe ulidhani vumbi la uvunguni kwangu ni la kijani?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nikisema, limelowa. Nikinyamaza nikalifuta likakauka, labda halijalowa." Akatupa jiwe la kwenye maharage dirishani. "Nimelifuta sana hilo kafi, Verlyn. Na kumwomba Mungu asiwe anatazama."

Nikamsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye mkono wako aliacha kuchambua. Kisha nikamwambia na lile jingine, kwamba sitaki kwenda.

"Sasa mimi nilikushonea begi la nini?"

"Nilidhani unataka niende."

"Mimi? Mimi nilidhani wewe unataka. Nilikuwa nashona huku nalia, nikajichoma sindano." Akasukuma sinia la maharage pembeni. "Nyumba ya watu watatu, na wote watatu mabubu."

Amenitaka niandike maneno yake kama yalivyo, nisiyapambe. Haya hapa:

Marva. Mimi sijakulowesha. Aliyekulowesha ni huyu mwizi mdogo anayeandika, na nitamshughulikia mwenyewe. Mkono uliokufa ganzi hautii saini, unapakwa mafuta ya nazi ya moto. Kama unataka kurudi, rudi. Kama hutaki kurudi, baki, lakini ubaki kwa sababu zako, si kwa sababu ya kafi. Kafi lako ni kavu. Nimelishika sasa hivi. Bibi yako Ivorine.

Ni kweli amelishika, liko mapajani mwake.

Shermine Hebbert, dada yake Renford, anaondoka Ijumaa kwenda kwenye meli yako na barua hii itakuwa ndani ya blauzi yake. Ameapa kukupa mkononi kabla ya tarehe ishirini na tano.

Nisamehe.

Verlyn


Tinkam Bight
3 Juni 1995

Dada Marva,

Hakuna neno kutoka kwako. Shermine hajaandika, na Kapteni wa boti ya barafu, anayeleta pia barua na abiria, kila akija ananitikisia kichwa kutoka mbali ili nisitembee bure mpaka gatini. Tarehe ishirini na tano imepita. Sijui kama barua ilikufikia, sijui kama umetia saini, na hii naiandika bila kujua niipeleke wapi. Lakini yaliyotokea jana siwezi kukaa nayo.

Tarehe ishirini pia ilipita na mimi nipo hapa. Nilimwambia Mchungaji mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba siendi. Akasema basi itabidi atafute kitu kingine cha kuniombea. Bibi amelifumua lile begi, amelifanya foronya.

Alimwagiza Mzee Hollis anichongee kafi. Ni jekundu, linanuka mti, na bado linanichubua. Lako limerudi uvunguni, bapa juu, na sijaligusa. Baba yake Alrick naye ametubadilishia kile kipandio kilichooza, ametuwekea ubao mpya mweupe. Siku za kwanza tulikuwa tunakiruka kwa mazoea. Sasa tumeacha, hata Bibi anakikanyaga kwa nguvu makusudi, anasema anataka kukisikia.

Mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Jana asubuhi Mzee Hollis alipita akigonga nguzo za nyumba, tukatoka wote kwenda kwenye fungu. Nyuma ilikuwa imejaa pomoni, maji ya rangi ya kahawa yanasukuma mchanga kwa ndani. Nilisimama na kafi langu, Bibi kando yangu na ndoo. Nyumba zikaitwa.

"Nyumba ya Ivorine?"

Nikafungua mdomo. "Ipo."

"Sijasikia," akasema Mzee Hollis. Ni kweli, hakusikia, nami sikujisikia.

"Ipo," nikasema. "Ivorine, yupo. Verlyn, yupo." Halafu nikasita, kwa sababu aliyeloweshwa kafi hatajwi, na watu wote walikuwa wameshasikia hadithi ya Renford kuhusu kafi lako. Mis Oneida alikuwa ananitazama. Nilikuwa sijui kama nitasema ukweli au uongo. Nikasema, "Marva, yuko njiani." Nikalisema kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, korongo wakaruka kwenye mikoko.

Alrick nyuma yangu akasema, "Kumbe sauti anayo. Alikuwa ameifungia na mchanga."

Watu wakacheka na mimi nikacheka, na nikachimba. Tulichimba wote mpaka mfereji ukawa kama mkono, halafu kama mwili, halafu maji yenyewe yakachukua kazi. Yalitoka yakinguruma, na uduvi ndani yake, wakubwa sasa, wanakwenda baharini, na watu pande zote mbili wanatupa kimia. Niliwaza ule ukurasa wako wa kamusi, ulivyogeuza ukitafuta maana nyingine. Sidhani kama haipo. Nadhani aliyeiandika kamusi hiyo alikuja mwezi wa Februari, akaondoka.

Leo nimekaa mezani, mlango wazi. Uwanja mzima umetandikwa magunia ya uduvi wetu, wanakauka, inzi wamefurahi. Bibi yuko chini anawageuza na kuongea nao. Boti ya barafu imekuja muda si mrefu na sikwenda gatini, nimechoka kutikisiwa kichwa.

Bibi ameacha kuongea.

Kuna mtu anapanda ngazi. Si Alrick, Alrick hupanda anakimbia. Huyu anakwenda polepole, anatua kitu kizito, anapumzika, anakinyanyua tena, kwa mkono mmoja nadhani. Mkono wangu mimi umeshaanza kuikunja karatasi kuipeleka chini ya gunia la unga, kwa mazoea.

Miguu imekiruka kipandio cha pili kutoka juu.

Hakuna mtu wa nyumba hii anayekiruka tena. Karatasi naiacha hapa mezani, wazi, upande ulioandikwa juu.